Ami Khelef Kaja Kuniposea, na Mimi Nimo Darasani

Jamani, leo nimeadhirika. Tena si kule kuadhirika kwa kujikwaa njiani, ukainuka, ukapangusa kanzu, ukenda zako. Nimeadhirika mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya ami yangu, na mbele ya mtu ambaye huenda akawa mkwe wangu (huenda, nimesema). Nakuandikieni upesi upesi, wenzangu wa barazani, kabla hamjaisikia kwa wengine, maana Mkunazini nzima ishapata habari na kila anayeisimulia anatia chumvi yake.

Mnajua kwamba nnafundisha kisomo cha akina bibi nyumbani kwa Mzee Mbarouk. Mwalimu wa kike hakupatikana, na mimi ndiye niliyekuwa karibu tena sina kazi nyingi (nimeishia darasa la sita, Kiingereza cha kubabaisha, moyo mkubwa). Tunasomea uani. Mzee mwenyewe hukaa dakani, pale penye mlango wa mbele, pazia tu katikati yetu, asikie kila neno ili pasiwe na la kusemwa. Mkewe, Bi Rukia, ni mwanafunzi. Binti yao, Zuleikha, hashuki. Hukaa juu roshanini, nyuma ya mbao zenye matundu, akichagua mchele.

Sijamwona vizuri hata leo. Lakini siku moja nilikosea hesabu ubaoni, ikaja sauti kutoka juu: "Mwalimu, ile moja uliyoiweka mkononi umeisahau." Basi! Tangu siku ile sili nikashiba. Kichwani nshajenga nyumba, nshapanda na mlangilangi uani. Nikamwendea Ami Khelef kule Bububu, nikamganda mpaka akakubali kwenda kuniposea. Tukaagana Ijumaa, baada ya sala. Na Ijumaa ni kesho.

Sasa, taabu yangu na darasa lile ni moja: hawanikatalii. Nikisema jua jeusi, "Ndiyo, mwalimu." Juzi niliwapima kusudi. Nikasema, "Chwaka iko ng'ambo ya bahari, hufiki ila kwa meli." Wote, "Ndiyo, mwalimu." Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote ni Bi Tatu, yule muuza vitumbua wa Darajani, mkubwa wao kwa umri. Na Bi Tatu kazaliwa Chwaka!

"Bi Tatu, wewe si mtu wa Chwaka?"

"Naam, mwanangu."

"Ulikuja mjini kwa meli?"

"Nimekuja kwa gari la punda."

"Mbona basi hukunikatalia?"

"Mwalimu keshasema. Mimi nani?"

Niliumia, wenzangu. Mtu mzima, kalea watoto, kazika mume, kila siku anawashinda wachuuzi kwa maneno, akikaa mbele ya ubao anajifanya hajui hata kwao alikozaliwa. Nikajiambia, kusoma gani huku?

Basi leo nimefika na dhamira. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: NANI KASEMA? KAJUAJE? MBONA KASEMA? Nikawaeleza kwamba neno ni kama samaki wa sokoni, hulichukui kwa kuambiwa tu bichi, unalifunua shavu kwanza. Nikawaambia wanihoji hata mimi. Nikawaambia na mtu ajihoji mwenyewe: hili nnaloliamini, nimelitoa wapi? (Hapo nilijiona shekhe kabisa. Nilitamani mtu wa roshanini awe anasikia.)

Halafu nikawapa ishara. "Nikikupungieni mikono hivi, juu chini, maana yake semeni, msione haya! Neno lolote litakaloingia nyumba hii leo, msilipokee mpaka mmelihoji. Mmefahamu?"

"Ndiyo, mwalimu."

Nusura nilie.

Na hapo ndipo mlango ulipobishwa. "Hodi! Hodi wenyewe!"

Sauti ile naijua tangu utotoni. Ami Khelef! Alhamisi! Nikasikia Mzee Mbarouk anamkaribisha, nikasikia na sauti za wazee wengine wawili, na Ami anaeleza kwa furaha: "Tulikusudia kuja kesho, lakini tumepita kwa muuza halwa tukaikuta ndiyo kwanza inateremshwa motoni. Tukaona, mpaka kesho si itakuwa jiwe?"

Yaani mimi nnaposewa kwa ratiba ya halwa.

Mlango wa kutokea ni mmoja, nao unapita pale pale walipokaa. Na mposaji mwenyewe, mnajua, siku hiyo hatakiwi kuonekana hata mtaa wa pili, sembuse kukutwa ndani ya nyumba ya mwari ana chaki mkononi! Mzee Mbarouk alijua fika kama nimo. Hakusema neno. Yule mzee ana ucheshi wa kimyakimya.

Ami akakohoa, akaanza. Na Ami akianza kumsifu mtu, hata maiti hujiona mzima.

"Kijana wetu huyu, Mzee Mbarouk, tangu abaleghe hajakosa sala ya alfajiri msikitini. Hata moja!"

Nyuma yangu nikasikia mtu anasoma taratibu, herufi kwa herufi, kidole hewani. "Ka... jua... je?" Ni Bi Tatu. Akainua uso, macho yanamng'ara, akaliambia pazia kwa sauti ya sokoni: "Umejuaje?"

Huko nje Ami akakatiza sifa zake.

"Nani huyo?" akauliza Ami.

"Endelea tu," akasema Mzee Mbarouk. "Na mimi napenda kujua."

"Aa... nimeambiwa."

"Nani kasema?" wakaitikia watatu wanne kwa pamoja.

"Mama yake!"

"Mama yake!" Bi Tatu akajipiga paja. "Mbona kasema?"

Nikawageukia. Nikawapungia mikono, juu chini, juu chini, wanyamaze! (Ishara yangu mwenyewe. Niliyowapa mwenyewe. Dakika ile ile.) Wakatabasamu wote kama watoto wa sikukuu, wakasogea karibu na pazia.

Ami si mtu wa kushindwa upesi. "Basi tuyaache hayo. Ni kijana mpole. Hajui kupandisha sauti."

"Siku ya saba mara nane je, alivyotupigia makelele?" akasema bibi mmoja.

"Paka alianguka ukutani!" akaongeza mwengine.

"Na Kiingereza," Ami akapiga mbio, "anakisema kama alizaliwa nacho!"

Hapo akainuka Bi Rukia mwenyewe. Mkwe mtarajiwa! Mama wa upole, kwa miezi yote hii hajapata kusema darasani zaidi ya "Ndiyo, mwalimu." "Nilimpa chupa ya dawa anisomee maandishi yake," akasema. "Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Akaniambia, kunywa kijiko asubuhi na jioni. Ilikuwa dawa ya kuchua magoti."

"Subhanallah! Ulikunywa?" akauliza mmoja wa wale wazee.

"Nilinusa kwanza."

(Jamani, chupa ile maandishi yalikuwa madogo mno.)

"Mzee Mbarouk," Ami akasema, sauti imeanza kupasuka, "ni nani hawa nyuma ya pazia?"

"Wanafunzi wa mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Huyo unayemposea."

"Na yeye yuko wapi?"

"Yumo nao."

Pazia likafunguliwa. Mimi nimesimama, mikono bado iko juu, chaki imenipaka mpaka puani. Ami akanitazama kuanzia kofia mpaka ndara.

"Ala! Wewe! Umekuja kujiposea mwenyewe?"

Wanawake wakaangua kicheko, buibui zikawa zinatikisika. Wazee wawili wakageukia ukuta. Lakini Mzee Mbarouk hakucheka. Alinikazia macho, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionitia baridi: "Vizuri. Sasa tunaye mwenyewe. Mwalimu, haya aliyoyasema ami yako, ni kweli?"

Wenzangu, tieni nafsi zenu pale. Nikisema "ndiyo", huenda nikampata Zuleikha, na siku nyengine nikisema Chwaka iko ng'ambo ya bahari wataitikia tena "Ndiyo, mwalimu," mpaka Kiyama. Nikisema "siyo", nimejiharibia kwa kinywa changu. Nikawatazama wale bibi. Wote wananingoja mimi.

"Alfajiri naamka," nikasema. "Si zote. Za baridi zinanishinda. Hasira ninazo, hasa kwa saba mara nane, kwa sababu na mimi zilinitesa. Na Kiingereza changu... Bi Rukia, niwie radhi. Niliona haya kusema sijui."

Ami akashika kichwa. Mimi nikaanza kung'oa mlangilangi wangu wa kichwani, mzizi kwa mzizi.

Ndipo Bi Tatu alipokuja ubaoni. Akanipokonya kipande cha chaki, akaandika polepole, ulimi nje, T, A, T, U. Herufi ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko wenziwe. Akamgeukia Mzee Mbarouk. "Hili kanifundisha yeye. Na usiniulize nimejuaje. Umeniona."

Macho yaliniuma, nasema kweli. Chaki ile ina vumbi sana.

Mzee Mbarouk akalitazama jina lile kwa muda. Kisha akajikohoza. "Haya. Mwari ataulizwa kama ada yetu. Akinyamaza, tutajua karidhika."

"Sinyamazi," ikasema sauti kutoka juu.

Lo! Nyuso zote zikainuka roshanini. Hata Ami, aliyekuwa ashaanza kuifungua halwa, mkono ukamganda.

"Nna swali, baba. Huyu anayefundisha watu kuuliza, mbona mimi hajaniuliza?"

Nilitamani ubao uniangukie. Mzee Mbarouk akashikwa na kikohozi kirefu. Bi Rukia akajifunika uso kwa ukaya wake wa kichwani, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Bi Tatu akanigusa bega: "Swali zuri hilo. Jibu, mwanangu."

"Ni... ni ada," nikasema. "Mwari haulizwi na mposaji."

"Nani kasema?" likauliza darasa zima.

Sasa ndiyo wameelimika!

Yale maswali matatu yalikuwa ubaoni yananitazama, mwandiko wangu mwenyewe. Ada ilikuwa kisingizio tu, na mimi nilijua. "Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu," nikasema. "Nilivyokuwa sijauliza wala sijakataliwa, nilikuwa na nyumba nzima kichwani."

"Masikini," akasema bibi mmoja kwa huruma, na hilo "masikini" lilinimaliza kuliko vicheko vyote.

"Basi uliza," akasema Mzee Mbarouk. "Mbele yetu. Tusikeshe hapa."

Nikauliza, wenzangu. Nimeinamisha kichwa, nazisemesha ndara zangu. Nikamwuliza binti wa watu kama yu radhi kuolewa na mwalimu aliyeishia darasa la sita, asiyejua Kiingereza cha chupa, mwenye usingizi wa alfajiri. Kusema kweli sijui nilivyosema. Nakumbuka sauti yangu iligeuka nyembamba kama ya kifaranga.

Juu kule mchele ukaacha kuchaguliwa. Tukangoja. Ami akangoja na kipande cha halwa kidoleni.

"Nimesikia," akasema Zuleikha. "Nitafikiri."

Basi, hayo ndiyo yaliyonifika. Ami hasemi na mimi. Yuko kwenye kahawa anasema na watu wote waliobaki. Bi Tatu kapita hapa kwetu kuniambia mama yangu naye aje kisomoni, ana la kumuuliza. Na mimi nimejifungia chumbani, nakuandikieni. Mtakuja kunitazama, najua, wala sikukatazeni. Ila nakuombeni jambo moja tu: mkipita nje ya nyumba ile msicheke kwa sauti. Kuna mtu anafikiri.