Dawa ya Jicho la Mtihani

Fulgence hakuja Litembo kutafuta kazi. Alikuja kusubiri hasira za watu zipoe. Kule ziwani, Kihagara, alikuwa amewauzia wavuvi taa za kuchajiwa kwa mbalamwezi, na mwezi ulipopevuka bila taa hata moja kuwaka, aliona kifua chake kinahitaji hewa ya milimani. Akashuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda cha chai akiwa na koti la suti, viatu vilivyochongoka, na kompyuta mbovu kwapani. Kompyuta mbovu ni mali kwa mtu wa shughuli zake: haili umeme, na haimbishii.

Chai haijapoa, akasikia kilio.

"Mwanangu alikuwa swali la pili tu!" Aliyelia alikuwa Augustino, mwenye mashine ya kumenyea kahawa, baba mwenye mikono minene kama michi. "Swali la pili, Jicho likamfungia! Eti kakosea. Kakosea nini, na jibu bado analifikiria?"

"Wangu hata jina hakumaliza," mama mmoja akadakia. "Na jina lenyewe fupi."

Jicho lilikuwa programu ya kompyuta. Shule ya sekondari ya pale kilimani ilikuwa imeinunua ya kufanyia mitihani, na ikawa lazima. Karatasi na kalamu zikastaafishwa. Mtoto anakaa mbele ya kompyuta, Jicho linamkodolea kwa kamera na kumtegea sikio, hakuna haja ya msimamizi. Likiona jambo lisilolipenda, linafunga mtihani na kutoa maandishi mekundu ya Kiingereza, ambayo mwalimu wa Kiingereza mwenyewe aliyasoma akakuna kichwa, akasema ni mtandao. Kidato cha nne chote kilikuwa kimefungiwa mara mbili. Na masharti ya Jicho hayakuwa na huruma: ukifungiwa mara ya tatu, unarudia kidato.

Fulgence akaweka kikombe chini kwa heshima, kama mtu aliyesikia habari ya msiba wa tajiri.

"Shikamooni wazazi wangu. Poleni sana. Hilo Jicho nalifahamu. Nimelisomea."

"Umelisomea wapi?" akauliza Augustino.

"Mbali."

Jibu hilo liliwatosha. Mbali ndiko vitu vyote vinakotoka, hata Jicho lenyewe.

Alasiri ile watoto walikuwa kwenye zoezi la kujaribia, lisilohesabiwa, na Fulgence akaomba kulichungulia dirishani. Tuseme kweli: alikwenda kutafuta uongo mzuri wa kuwauzia. Lakini akaona kitu. Darasa lilikuwa kimya, watoto wameinamia kompyuta, Jicho limetulia. Mara akaingia mkuu wa shule, Sista Albina, mama aliyeamini kwamba mtoto asiyeamkia wakubwa ataishia jela. Darasa zima likaruka juu kama kumbikumbi:

"Shikamoo Sistaaa!"

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Walipokaa, kompyuta zote zilikuwa nyekundu.

Fulgence nusura acheke kwa sauti. Jicho liliona nyuso zimepotea, likasikia sauti za watu, likajua kuna wizi. Huko mbali lilikotoka, hakuna aliyeliambia kwamba hapa mtoto hawezi kubaki amekaa kama gunia mkubwa wake anapoingia. Dawa yake ilikuwa sentensi moja ya bure. Fulgence akaimeza sentensi hiyo haraka, isije ikamtoka.

Jioni akawakusanya wazazi.

"Jicho letu ni geni," akawaambia. "Halizijui sura za huku, ndiyo maana linashtuka. Itabidi nilitambulishe kwa kila mtoto. Debe moja la kahawa kavu kwa kila sura, basi."

"Na likifunga tena?" Augustino akauliza.

"Kahawa yenu mnarudi nayo."

"Na wewe tunakutambulisha kwa mashine yangu ya kumenyea."

Wakakubaliana madebe yakae barazani kwa Bibi Gaudiosa, aliyeishi jirani na uzio wa shule. Bibi Gaudiosa aliuza viazi vitamu vya kuchemsha pale shuleni, na mjukuu wake Ottilia alikuwa kidato hicho hicho. Alileta debe lake kama wengine, akiburuta mguu, akisema "mwanangu, sisi wazee hatujui kitu." Fulgence akampenda papo hapo. Watu wasiojua kitu walikuwa ndugu zake wa damu.

Kazi ya kutambulisha ilikuwa na heshima zake. Kila mtoto alipigwa picha ya mbele, ya pembeni na ya kisogo.

"Kisogo cha nini?" Ottilia akauliza.

"Ukigeuka lisikusahau."

Kisha akamwendea Sista Albina. "Sista, siku ya mtihani mtu mzima yeyote asikaribie darasa. Simu za watu wazima zinalichanganya Jicho. Wote mkae kule getini mpaka watoto watoke wenyewe."

Sista akashukuru, akamwombea.

Siku ilipofika, wakubwa wote walijazana getini, wengine na rozari mkononi. Fulgence peke yake alibaki karibu na darasa, amejibanza nyuma ya ukuta asionekane, akisikiliza kimya kitamu cha vidole kwenye vibonye. Kila dakika ya kimya ilikuwa debe la kahawa. Akaanza kujichagulia gari la kukodi.

Ndipo akaona kitenge kikija kando ya uzio, beseni la viazi kichwani.

"Bibi!" akanong'ona, akakimbia kumzuia. "Bibi, rudi! Simu!"

"Simu gani, baba? Mimi sina simu."

"Hata kama huna!"

"Ndiyo hapo ninaposhangaa." Bibi Gaudiosa akatua beseni taratibu. "Tangu juzi najiuliza. Huyu anazuia simu, mbona na mimi nisiyekuwa nayo kanizuia? Nikasema, basi anachozuia si simu, ni mtu mzima. Mtu mzima ana nini darasani? Nikakumbuka kila Sista akiingia watoto wanaruka, halafu wanalia. Hata mimi siku ile nilipoingiza viazi, waliniamkia vizuri sana, wakalia vizuri sana."

Fulgence akahisi koti la suti limebana.

"Bibi yangu mpenzi, nusu ya kahawa ni yako."

"Mimi na nusu hatujawahi kupatana." Akatazama mlango wa darasa, ambao ulikuwa wazi. "Nimewakumbuka wajukuu zangu. Nikawasalimie."

"Ottilia yumo!" Fulgence akanong'ona kwa jasho. "Atafungiwa na yeye! Mara ya tatu!"

"Yumo. Akifungiwa atarudia kidato. Wewe ukifungiwa utarudia nini?"

Akapiga hatua moja. Kule getini Augustino alikuwa ameegemea nguzo, mikono kifuani, mikono yote ile. Bibi akapiga hatua nyingine. Fulgence hakutazama chini. Angetazama, angeona mguu wa bibi unatetemeka ndani ya kitenge, kwa maana ndani ya chumba kile mlikuwa na kila kitu alichokuwa nacho duniani. Mpaka leo Bibi mwenyewe hajui kama kweli angeingia.

"Chukua yote!" akasema. "Yote, Bibi! Simama!"

"Sitaki kuchukua. Nitaambiwa mwizi. Wewe utanipa, mbele za watu, kwa moyo wako."

Kengele ilipolia, watoto walitoka wakirukaruka. Hakuna aliyefungiwa. Ottilia alimkumbatia bibi yake mpaka beseni likaanguka, na vigelegele vikasikika mpaka hospitali ya Litembo. Augustino akamwinua Fulgence juu juu kama bwana harusi.

"Mtaalamu, mzigo wako ule barazani! Tukupakilie?"

Fulgence akamtazama bibi. Bibi akatazama mlango wa darasa, akakohoa kama mtu mwenye hadithi ya kusimulia.

"Wazazi wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezika, "mimi kazi hii naifanya kwa upendo. Kahawa yote namwachia Bibi Gaudiosa, kwa... kwa uzee wake."

"Mimi?" Bibi akajifunika mdomo na kitenge. "Jamani! Mimi mzee nisiyejua kitu!"

Watu wakalia kwa jinsi walivyoguswa. Sista Albina akasema vijana wa namna hii walishaisha, na kwamba shule nyingine za tarafa zitaomba msaada wake, bure vilevile, na padre atalitangaza Jumapili. Fulgence hakuingoja Jumapili. Aliteremka kwa miguu hadi barabara ya Mbinga, kwa maana hata nauli ya bodaboda alikuwa ameitegemea kahawa.

Bibi Gaudiosa ni mtu mwadilifu. Wiki ile ile alimrudishia kila jirani debe lake. Aliyaosha madebe kwanza, ndani na nje, akayaanika juani yakakauka kabisa.