Mkiani mwa Foleni ya Umeme

Jumatatu, 12 Januari

Tajiri wetu, Bwana Penhall, kapiga simu kutoka Adelaide hata chai sijamaliza. Kituo chetu cha umeme hapa Koolunda hakijaitwa kuwasha injini tangu majira ya baridi. Wiki hii isipoleta faida, Ijumaa anafunga na injini anaziuza. Injini zangu! Nimezilea tangu nikiwa na nywele.

Tatizo ni foleni. Kila mwenye kituo anataja bei yake. Wasimamizi wa gridi wanaanza kuchukua wa bei ya chini, wanapanda juu taratibu mpaka umeme utoshe. Wa mwisho kuchukuliwa ndiye anayeweka bei, na wote wanalipwa hiyo hiyo. Upepo na jua wako mbele, gesi inafuata. Sisi wa dizeli, mkiani.

Ng'ambo ya uzio yupo Nerida Vlahos na betri yake, safu ya makontena meupe yasiyo na moshi wala kelele. Hununua umeme ukiwa rahisi, huuza ukipanda. Leo kaniuliza eti makumbusho yangu hufunguliwa saa ngapi. Nimejifanya sikusikia.

Jumanne, 13 Januari

Nimeamka na akili! Kama wote tunalipwa bei ya wa mwisho, bei yangu mwenyewe ina kazi gani? Nikataja bei iliyo chini ya sifuri, kutwa nzima, ili niwe mbele ya foleni. Saa nne tukaitwa. Injini zikanguruma mpaka vikombe vikacheza mezani. Darko, fundi wangu, akauliza je, bei ya soko ikishuka? Nikamwambia yeye ashike spana. Nikaenda kwa mwokaji kujipongeza kwa pai ya nyama. Simu nikaiacha ofisini.

Kosa. Mchana jua liliwaka juu ya kila paa la jimbo hili, na karibu kila paa lina sola. Umeme ukazidi. Bei ya wote ikaanguka chini ya sifuri, yaani anayezalisha ndiye anayemlipa anayechukua. Narudi, nakuta tunachoma dizeli na kulipa ili watu wakubali kuupokea umeme wetu. Jirani anajaza betri, analipwa. Akanipungia mkono! Penhall kasema maneno ambayo mama yake asingependa niyaandike.

Jumatano, 14 Januari

Mpango mpya, kinyume kabisa cha ule. Kesho joto litafika nyuzi arobaini na nne, hakuna upepo. Jioni jua likizama na viyoyozi vyote vikiwa vinafanya kazi, lazima watuhitaji hata sisi wa mkiani. Nitataja bei ya juu kabisa inayoruhusiwa. Siku moja tu itaokoa kituo.

Darko kauliza na betri ya yule mama je? Swali zuri, nikamwambia nilishalifikiria. Sikuwa nimelifikiria.

Jioni nikaegemea uzio. Nikamnong'oneza Nerida, kwa siri ya majirani, kwamba mifupa yangu inaniambia kesho saa moja jioni upepo wa kusini utaingia na bei itaporomoka, kwa hiyo auze mapema. Uongo mtupu! Auze mapema, betri iishe, uwanja ubaki wangu. Kanishukuru vizuri sana. Kanipa sahani ya keki za nazi. Nimekula nne bila kusutwa na chochote.

Alhamisi, 15 Januari

Joto la kuua. Nzi wanaingia mdomoni ukisema neno. Saa kumi na mbili bei ikaanza kupanda. Nerida akauza. Ikapanda zaidi, akauza tena. Karibu na saa moja betri yake ikawa tupu kama debe. Na gridi ikaita: Koolunda, washeni! Kwa bei yangu! Nilimkumbatia Darko, jambo ambalo hatutalizungumzia.

Injini za dizeli za zamani zinataka kupata moto kwanza. Ya kwanza ikakohoa. Ya pili ikakohoa. Nikasikia bati la paa linagonga.

Upepo wa kusini! Ule ule niliouzua! Vumbi jekundu likafunika uwanja, joto likashuka, mapanga ya mitambo ya upepo kule kilimani yakaanza kuzunguka kama yana wazimu. Bei ikaporomoka. Gridi ikasema zimeni. Hatukuuza hata umeme wa kuchemsha birika.

Darko kasema bosi, safari nyingine danganya kuhusu jambo lisilowezekana.

Ijumaa, 16 Januari

Penhall kafunga. Hakupiga kelele, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Darko kapata kazi kwenye kiwanda cha mvinyo. Nimezunguka injini zote nikizifuta kwa kitambaa. Nimelia kidogo. Basi.

Nerida kaja na bakuli la nyama ya kuoka. Anasema jana kauza kwa bei ambayo hajawahi kuiona, na yote kwa sababu yangu. "Kaka Clem, mifupa yako ina thamani kuliko kompyuta yangu. Njoo ufanye kazi upande wetu." Nilitaka kumwambia ukweli. Mdomo niliufungua kabisa. Kisha akataja mshahara.

Jumatatu, 19 Januari

Siku ya kwanza kazini kwa Nerida. Kiti kinazunguka. Kaenda Port Augusta kung'oa jino, kaniachia sharti moja tu: nitazame hali ya hewa, bei nisiziguse, kompyuta inajua kazi yake.

Nimezitazama. Bei za jioni ilizotaja kompyuta ni za chini mno, aibu tupu! Ujirani mwema unanitaka nimsaidie. Mifupa yangu haioni upepo wowote. Nimetaja bei ya juu kabisa inayoruhusiwa.

Kompyuta imeniuliza mara mbili kama nina hakika. Nina hakika.