Maji Yaliyokataa Kufika Mia

Jumatatu, 4 Machi

Mwezi wa pili hapa Potosí, juu milimani Bolivia, na ngazi za shule bado zinanitoa ulimi. Mkuu wa shule, Don Hilarión, ametangaza kwamba ajira ya kudumu ya sayansi ni moja tu. Tunaoigombea ni wawili: mimi wa fizikia, na Doña Saturnina wa kemia, mzaliwa wa hukuhuku mlimani, anayepanda ngazi huku anaimba. Ijumaa Mkuu atakaa darasani kwangu. Nikishindwa, narudi Santa Cruz kulala sebuleni kwa mama mkwe. Nimechagua somo lisiloweza kuniangusha: maji huchemka kwenye nyuzi mia.

Jumanne, 5 Machi

Nimejaribu peke yangu. Maji yametokota mpaka yakamwagika, kipimajoto kimegoma kwenye themanini na saba. Cha pili, themanini na saba. Cha tatu vilevile. Basi nikajua: Saturnina ameviharibu vyote. Nimemwuliza kwa kuzungukazunguka kama ana ufunguo wa stoo. Akasema anao, kisha akaniuliza kama nimeshanunua sufuria ya presha, maana wageni kutoka bondeni huwa wanalia viazi vyao haviivi. Namuuliza hujuma, ananijibu viazi!

Alhamisi, 7 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimekwangua namba za kipimajoto kwa sindano, nikaandika zangu kwa wino, kila moja nimeiongezea kumi na tatu. Saa tatu nzima. Tangu chuo sijawahi kujisikia mwanasayansi kiasi hiki.

Ijumaa, 8 Machi

Maji yakatokota. Mia kamili. Mkuu akapiga makofi. Ingeishia hapo! Lakini Saturnina, aliyejikaribisha nyuma ya darasa, akasema kwa upole kwamba Mkuu anaonekana ana homa, si apimwe tu, chombo si kipo. Nikasema Mkuu ni mzima, tena ananawiri. Mkuu mwenyewe akakipoza, akakitia kwapani. Hamsini.

Saturnina akatoa pole kwa familia ya Mkuu. Wilma Condori, binti wa dawati la mbele, akaniambia bila hata kusimama: profe, huku juu hewa ni nyepesi, maji hayangoji mia, kila mama muuza supu anajua. Kisha akamgeukia jirani yake, akasema leo aliyechemsha si maji, ni profe. Darasa likavunjika mbavu. Mkuu akaukwangua wino kwa kucha. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 11 Machi

Ajira kapewa Saturnina. Na ni yeye aliyenitetea: akamwambia Mkuu mgeni hafukuzwi, hufundishwa, basi nibaki kwa muda, nipewe nafasi moja ya mwisho. Nimeona haya kweli. Nimesimama mbele ya darasa nikakiri kosa. Hewa ya huku ni nyepesi, nimeelewa, yameisha.

Ijumaa Mkuu anarudi. Somo ni kanieneo ya hewa. Nimeishusha baromita ya ukutani inayoipima: inasoma sentimita arobaini na saba za zebaki. Kitabu kinasema sabini na sita.

Kwa nyuma ina skrubu ya kusogezea mshale. Natafuta bisibisi.