Shingo Yangu na Mtihani wa Takwimu

Jumatatu, 4 Machi
Takwimu nimeanguka! Mtihani wa marudio ni Ijumaa. Nikianguka tena narudia mwaka, darasa moja na mdogo wangu wa kike. Yule niliyemfundisha kufunga kamba za viatu! Bora ardhi ipasuke inimeze.

Nimejiuliza: kwa nini Twiga, ninayekaa naye chumba kimoja, huongoza darasa kila mara? Nimemchunguza kutwa nzima. Anasoma shingo wima, kompyuta kaiweka juu ya ndoo aliyoifudikiza mezani. Mimi husoma nimeinama, kidevu kifuani. Kumbe! Akili ninazo, zimekwama shingoni.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwomba Twiga ile ndoo. Kakataa, eti anafulia. Choyo tu.

Nimejenga mnara wa vitabu vyangu vyote, kompyuta juu, usawa wa macho. Raha iliyoje! Twiga kauliza kitabu cha Takwimu kiko wapi. Nikamwonyesha: chini kabisa, ndicho msingi. Kacheka hadi kakaa sakafuni. Wivu.

Jumatano, 6 Machi
Nilitaka kusoma sura ya kwanza. Kukivuta tu kitabu, mnara ukayumba, kompyuta nikaidaka hewani. Nimekirudisha haraka. Shingo kwanza, sura baadaye.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda zahanati ya chuo. Muuguzi kanigeuza shingo kulia, kushoto. Kasema ni nadra kuona mwanafunzi mwenye shingo nzuri hivi, kisha kauliza kama huwa nasoma. Swali la ajabu!

Mdogo wangu kapiga simu. Eti nimhurumie, marafiki zake watamcheka. Nimemwambia aondoe shaka, shingo iko tayari.

Ijumaa, 8 Machi
Mtihani. Sikuinama hata kidogo, karatasi niliishika juu mbele ya macho. Msimamizi akaja mbio, eti nawaonyesha majibu walio nyuma. Akaikagua mbele na nyuma. Jina langu tu. Akaniomba radhi, akaenda zake.

Jumatatu, 25 Machi
Nimeanguka. Leo nimeketi darasani karibu na mdogo wangu. Nimeona aibu, siwezi kuficha. Machozi yalinilengalenga.

Ila nilipomtazama vizuri nikasahau yangu. Anaandika ameinama, pua karibu iguse daftari! Nikamnong'oneza ainue shingo. Akasema kaka, tafadhali, mhadhiri anafundisha.

Maskini mtoto wa watu. Ana bahati sana nimerudia mwaka.