Sura ya Mwisho Iko Kwangu

Jumatatu, 6 Mei

Mkuu wa shule ametoa tamko. Ijumaa wanafunzi wa kidato cha pili watachagua masomo kwa kupanga mstari uwanjani, kila mmoja nyuma ya mwalimu anayemtaka. Somo litakalokosa watu litafutwa. Akanitazama mimi, mwalimu wa Uchumi. Akaendelea kunitazama.

Sitishiki. Ubaya si wa Uchumi, ni wa kitabu cha kiada. Kile kinalaza hata nzi. Mwenzangu wa Fasihi, ambaye kwa bahati mbaya ni dada wa mke wangu, anawasomea watoto riwaya na wanamfuata kama vifaranga. Vizuri! Nami nitafundisha kwa riwaya. Nimemwomba shemeji lile boksi la nakala za riwaya moja lililokaa stoo miaka nenda miaka rudi. Akauliza za nini. Nikamwambia za mahitaji na ugavi. Akacheka mpaka akaegemea mlango. Acheke tu.

Jumanne, 7 Mei

Ushindi! Riwaya inahusu mjane mwenye tanuri la mikate, na tajiri aliyefungua duka la mikate mkabala naye. Tajiri anashusha bei ili amuue kibiashara. Wakati huohuo anamposa! Ushindani, hasara, ukiritimba, vyote vimo. Hakuna aliyesinzia. Kengele ililia na hakuna aliyeinuka. Jambo hilo sijaliona tangu niajiriwe. Nilitoka nje nikajifanya nafuta miwani.

Wote wanauliza kitu kimoja: mjane atakubali posa? Hapo akili yangu ikachemka. Kitu kikiadimika, thamani hupanda. Saa ya mapumziko nilijifungia stoo na wembe, nikakata sura ya mwisho katika kila nakala. Kila nakala! Jioni nikawagawia vitabu wakasome nyumbani. Sura za mwisho ziko chini ya godoro langu. Atakayesimama nyuma yangu Ijumaa ataipata yake. Asiyetaka, shauri yake.

Mke wangu ameuliza kama mimi mwenyewe nimeisoma hiyo sura. Nimemjibu kwamba mwenye ghala hali bidhaa zake. Amegeukia ukutani.

Jumatano, 8 Mei

Soko limewaka moto. Walinizonga mlangoni asubuhi, macho mekundu kwa kusoma. Wamefika pale tajiri amesimama mlangoni, mjane ameshika mwiko, anavuta pumzi ajibu. Basi, jalada! Mmoja amejitolea kuniosha baiskeli wiki nzima. Nikawatangazia masharti. Wakaniita mkatili. Nikawaeleza kwamba huo si ukatili, huo ni ukiritimba, na waandike kwenye madaftari.

Shemeji amegundua. Alinifuata chumba cha walimu na nakala moja mkononi, akapitisha kidole pale palipokatwa. Nilijiandaa kwa ngurumo. Akauliza tu, polepole, kama nimezikata zote. Nikasema zote, tena kwa rula. Akaenda zake akitabasamu. Sikulipenda lile tabasamu.

Alhamisi, 9 Mei

Usaliti! Yupo binti wa dawati la nyuma, wenzake wanamwita Kimya kwa kuwa hafungui kinywa darasani. Ameandika sura ya mwisho ya kwake. Ameisoma bwaloni wakati wa chakula. Bure! Kufika alasiri kila mwenye kalamu alikuwa na mwisho wake. Katika mmoja tajiri anafilisika na kuajiriwa na mjane. Katika mwingine duka linaungua na paka tu ndiye anayejua sababu. Uchumi una jina la balaa hili: bidhaa mbadala. Nimelifundisha mwenyewe juzi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Nilikwenda kupeleleza, nikasimama nje ya dirisha la bwalo. Kimya alikuwa anarudia kwa ombi la wengi. Mjane wake hakubali wala hakatai. Anamwambia tajiri aje alfajiri akande unga, wazungumze mikono ikiwa kazini. Tajiri hajui kukanda. Analia juu ya unga, na mjane anamshika viganja kumwonyesha. Nami nililia. Nasema wazi, nililia, na mpishi wa shule akaniletea maji. Kisha nikakumbuka kwamba yule ni mshindani wangu, nikaondoka kwa hasira.

Mke wangu anasema niwarudishie watoto kurasa zao, yaishe. Kamwe! Ila kesho nitawasomea sura niliyoikata uwanjani kabla ya kupanga mstari. Huko si kusalimu amri. Huko ni kuonjesha wateja.

Ijumaa, 10 Mei

Nilisoma kwa sauti yangu ya hotuba. Nami ndiyo kwanza nilikuwa naisoma. Mjane anakataa posa kwa sentensi moja, anauza tanuri, anahamia kwa kaka yake. Kisha kurasa na kurasa za hali ya hewa! Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Kijana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani, lakini siyo huo," akasema. "Tusomee ule wa Kimya."

Wakapanga mstari. Ule wa shemeji ulipinda hadi jikoni. Nyuma yangu alisimama mmoja. Nilipogeuka kumshukuru, akaniomba nisisogee, maana alikuwa anajikinga jua.

Baadaye shemeji alinijia na kikombe cha chai. Nilisubiri kejeli.

"Shemeji, miaka yote hii nawaambia waandike, hawaandiki," akasema. "Wewe umewanyima kurasa chache tu, wameandika wote. Asante sana."

Ningependelea kejeli. Uchumi umefutwa. Mchoro wa mahitaji na ugavi nimeufuta ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe, na imeniuma kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, 13 Mei

Mkuu wa shule amenipa somo la Michezo. Filimbi na mpira mmoja. Wenzangu wananong'ona kwamba nimeshushwa. Wanong'one mpaka ndimi ziwakauke. Kuteleza si kuanguka. Nimelichunguza kosa langu kitaalamu na nimelipata: bidhaa ilikuwa mbovu. Mbinu haina kasoro hata chembe.

Tena mpira hauna sura ya mwisho ya kuchosha. Nimewaona watoto wanavyoulilia. Hamu tupu! Kwa hiyo leo nimeutoa upepo, nimeuleta chumba cha walimu, nimeukalia. Anayetaka kucheza atakuja hapa, na kwanza atanieleza maana ya uhaba. Tuone nani atachoka.

Hajaja mtu bado. Huko uwanjani nasikia wanashangilia bao. Siwaelewi kabisa watoto hawa. Mpira ninao mimi.