Uzinduzi wa Maktaba Isiyo na Plastiki

Tulikuwa tumefika herufi M, tukivua vitabu kava zake za nailoni, Mkurugenzi Wabwile, mkuu wa maktaba za eneo letu, alipopiga simu kutoka Bungoma kutangaza kwamba kufikia saa nane, maktaba yetu ya Kitale ingekuwa ya kwanza katika ukanda mzima kuishinda plastiki. Mimi kama katibu wa Kamati Ndogo ya Uvuaji niliwatangazia wenzangu habari hiyo nikiwa nimesimama wima.

"Na paa?" akauliza Wilkista, mkutubi wetu. Ndiye aliyevifunika vitabu hivyo, kimoja kimoja, paa lilipoanza kuvuja.

"Paa ni mabati," nikamweleza kwa upole. "Halimo kwenye waraka wa kuondoa plastiki."

"Lakini hizi kava zishanunuliwa, bana. Si tuache kununua zingine, hizi zikae? Mvua ikinyesha leo, vitabu vya watoto wa shule wa Kachibora vinaoza. Na hatuna vingine."

Hoja ilikuwa na uzito. Niliiweka chini ya Mengineyo.

Mkurugenzi alipowasili saa nane, alihutubia uani, bila hema, kwa kuwa hema lilikuwa la plastiki. Alikuwa akieleza jinsi binadamu anavyoweza kuishi bila nailoni wakati mvua ya alasiri ilipoanza, ambayo huku kwetu haifuati itifaki.

"Leteni kitu!" akapiga kelele. "Suti yangu!"

Kitu kilichokuwepo ni kava tulizovua. Tukamvisha kichwani, kifuani na mgongoni, tukambandika kwa gundi, naye akatimua mbio kuelekea gari lake nje ya lango.

Askari Mukhisa akamzuia. Kazi yake ni kukagua vibandiko vya kila kinachotoka.

"Pole, mkubwa. Hapa kifuani imeandikwa *Marejeleo, haitoki nje*."

"Mimi ni Mkurugenzi!"

Mukhisa akamzunguka, akasoma. "Huku nyuma wewe ni *Magonjwa ya Ng'ombe*. Pia hiyo haitoki. Vua, uende."

"Nivue ninyeshewe?"

"Ati ninyeshewe!" akasema Wilkista kutoka mlangoni. "Si hivyo ndivyo vitabu vinauliza tangu asubuhi?"

Mkurugenzi akakimbilia ndani ya maktaba. Matone yakamwangukia kwenye kiti cha kwanza, akahama. Yakamfuata kwenye cha pili. Akatazama paa, kisha akatazama vitabu vilivyovuliwa kava rafuni.

"Katibu," akaniambia, "kava zirudishwe."

"Waraka, mheshimiwa, unasema ziondolewe."

"Andika mwingine! Na mabati mapya yawemo!"

Niliandika. Kamati Ndogo ya Uvuaji ikavunjwa, ikaundwa ya Uvikaji, naye Mkurugenzi akapewa kazi ya kushika gundi. Kila Wilkista alipohitaji kava, aliibandua kutoka mwilini mwa Mkurugenzi, akakivisha kitabu chake.

Saa kumi na moja tulifunga kazi, mvua ikiendelea. Mkurugenzi alibaki amevaa kava za Kilimo na Mifugo, sehemu ambayo ratiba inatuonyesha tutaifikia kesho.