Pikapu ya Pilau

Jumatano, 10 Oktoba 1984. Chumbageni, Tanga

Nimeponea chupuchupu! Nimetoka chuoni, nikaangalia kushoto kama tufanyavyo kwetu Moroni, kisiwani Ngazija, nikavuka. Lori likanijia kutoka kulia! Nikaruka, nikatua juu ya machungwa ya watu. Dereva hakunitukana. Alisimamisha lori katikati ya barabara, akaniuliza nimeamkaje na kwetu ni wapi. Nikamwambia Ngazija. Akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba huku magari hupita kushoto. Nyuma yake msururu mzima umesimama, wala hakuna aliyepiga honi. Watu wa ajabu. Nimekuja kusomea ufundi umeme, lakini barabara zao ndizo zitakazonimaliza.

Jioni, habari kubwa. Mama Mkubwa Mwanasiti, dada yake mama, ambaye ninaishi kwake, Jumapili hii anamwoza binti yake Suhaila. Bwana harusi ni Ame, Mpemba. Mchele umetoka shambani kwao Pemba, na siku hizi mchele dukani ni wa kusikia tu. Pilau litapikwa mtaani Usagara, kwenye ua mkubwa wa Haji Maulid, rafiki wa nyumba hii, kisha liletwe hapa kwa pikapu yake. Ila dereva wake amekwenda Handeni kuoa. Naye! Sasa nani ataendesha?

Nikasema mimi. Nikasema Moroni nimeendesha miaka minne. Ukweli ni kwamba miaka minne nimekaa mbele kwenye teksi ya mjomba, ubavuni pake. Lakini nilikuwa natazama kwa makini.

Ijumaa, 12 Oktoba

Kikwazo: Kristofa. Tunasoma darasa moja, na ni mpangaji wa Mama Mkubwa. Kwao Lushoto anaendesha Landrova ya baba yake mdogo kwenye kona za milimani, na leseni anayo. Amejitolea bila kuombwa! Kiherehere gani hiki?

Baada ya swala nimekwenda kwa Haji Maulid peke yangu. Nimempa shikamoo ya kuinama. Nikamweleza kwa masikitiko kwamba Kristofa ni dereva hodari, ila kazoea milima. Akifika kwenye barabara tambarare hushikwa na kizunguzungu. Haji akanitazama sana. Mwishowe akasema mtoto wa Mwanasiti hawezi kumdanganya. Kristofa atakaa nyuma ashike masufuria.

Ushindi!

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimefanya mazoezi uani, nimekaa kwenye kibao cha mbuzi, usukani ni ungo. Kona zote nimezikata vizuri.

Suhaila akanichungulia dirishani, hina mpaka viwikoni. Akasema, “Kaka Shaib, wakwe zangu wanavuka bahari. Wakikaa na njaa kwenye harusi yangu, nitasimangwa mpaka nizeeke.” Nikauweka ungo chini. Nilikaribia kabisa kusema kweli. Kisha Kristofa akapita na kuuliza kama nataka anionyeshe gia. Nikauokota ungo papo hapo. Nikamwambia gia na mimi tunajuana.

Mama Mkubwa amekumbusha: kesho Jumapili, magari ya watu binafsi mwisho saa nane mchana, amri ya kubana petroli. Nisichelewe.

Jumapili, 14 Oktoba

Siku ya siku!

Kuni zilikuwa mbichi, pilau likachelewa kuiva. Tukapakia mbio. Betri imekufa. Vijana wa jikoni wakasukuma, injini ikashika, pikapu ikaruka kama chura. Nikapata gia moja. Ya ngapi sijui, nikabaki nayo.

Kwenye kona mikono yangu ikachagua yenyewe upande wa kulia. Baiskeli! Tanga nzima iko juu ya baiskeli. Zikatawanyika mpaka mitaroni, na kila mwenye baiskeli akaninyanyulia mkono. Nadhani walinisalimu. Nyuma Kristofa anapiga kelele, “Kushoto! Kushoto!” Nikatazama kushoto. Hakukuwa na kitu.

Mbele, lori la mkonge. Uso kwa uso. Likasimama, nami nikasimama, na injini ikazimika. Akashuka mzee mmoja, akasema anaitwa Noa. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba. Alidhani nimemsimamishia nimwamkie! Akauliza kwetu ni wapi, hali ya nyumbani, masomo, wazazi, Ngazija mvua zinanyesha? Madereva wengine nao wakashuka kusalimiana. Huku ndivyo wanavyoendesha. Tulipofika kwenye afya ya bibi yangu, saa nane ikapita.

Akatokea askari wa barabarani, kwa baiskeli. Kifuani pameandikwa Ernesti.

“Leseni,” akasema. “Na saa umeiona?”

Nikapapasa mifuko kana kwamba ninayo. Harufu ya pilau inatoka, wageni wanangoja, nami nikamwona Suhaila na hina yake. Kristofa kajifunika uso kwa mfuniko wa sufuria. Ndipo Mungu akanifungua kinywa.

“Afande, leseni ni ya kuendesha. Gari hili haliendeshwi. Linasukumwa.”

Ernesti akatega sikio kwenye boneti. Kimya. Akafikiri. Akasema kuendesha baada ya saa nane kumekatazwa, kusukuma hajaambiwa. “Lakini lisukumwe upande wa kushoto!”

Mzee Noa na wenzake wakakunja mikono ya mashati. Kristofa akasukuma akiwa kavaa suti yake pekee. Ernesti akatangulia na baiskeli, akitupisha njia. Nikaingia Chumbageni nimeshika usukani kama sultani! Vigelegele vya Wapemba vilisikika mpaka barabara kuu. Hata punje haikumwagika. Suhaila alikuwa dirishani, analia na kucheka pamoja. Ernesti alikula, akaongezwa, akaongezwa tena.

Jumatatu, 15 Oktoba

Mgongo wa Kristofa haunyooki. Hata hivyo amenijia kwa upole: nikubali tu kwamba sijui kuendesha, atanifundisha kila jioni, bure. Nilimhurumia. Mtu aliyefikisha pilau la harusi bila kuwasha injini, afundishwe nini tena?

Jioni akaja Haji Maulid mwenyewe. Amesema tangu anunue pikapu hajapata dereva anayetumia petroli kidogo namna ile. Ijumaa anataka nimpeleke mama yake kijijini Moa. Akauliza kama njia ninaijua.

Nikamwambia naipita nikiwa nimefumba macho.

Kesho niulize Moa iko upande gani.